Jua Nililoliweka Mtoni

Jumatano, 30 Machi 1960

Idd imepita, masika yameingia, na mimi bado nipo Mtopwani. Barua ya kuomba nirudishwe Unguja niliipeleka tangu Rajabu, na hadi leo kimya. Nadhani aliyeipokea ameifungia njugu.

Daftari hili ni la mahudhurio ya skuli, lakini mvua ikinyesha wanafunzi hawahudhurii, basi bora nilitumie mimi. Hapa sina wa kumlalamikia. Bi Mwatima, mjane mwenye nyumba ninayokaa, ukimlalamikia anadhani una njaa, anakuongezea muhogo.

Ijumaa, 1 Aprili

Mvua. Muhogo. Hotuba ya Mzee Mjaka msikitini imekuwa ndefu kuliko safari ya meli kutoka Unguja, na yote ilihusu watu wasiofunga mbuzi wao.

Jumanne, 5 Aprili

Barua imekuja, lakini si niliyoingoja. Mwisho wa Juni kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono Chake Chake, na kila mwalimu apeleke kitu kimoja alichokifanya mwenyewe, kinachohusu maisha ya shamba. Mwenzangu wa hesabu atasuka mkoba. Mimi nitachora mto.

Kuchora najua, na hili nalisema bila haya. Chuoni tulifundishwa kwamba picha haijengwi kwa vitu, inajengwa kwa mwanga. Mti ni mti tu mpaka jua liuangukie. Ukiamua mwanga utoke wapi, umeshaamua mtazamaji ahuzunike au afurahi. Nimemweleza Bi Mwatima haya yote wakati wa chai. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Taa iko pale juu ya rafu, mwanangu. Mafuta ndo yamebaki kidogo."

Jumatatu, 11 Aprili

Nimechelewa skuli. Kisa ni daraja la mtoni, yaani mnazi mmoja uliolazwa juu ya maji. Wenyeji wanauvuka na mizigo kichwani. Mimi nauvuka kwa kumwomba Mungu. Saa tatu asubuhi nimewakuta hapo wanawake wanne wanafua, mvua ya rasharasha inawanyeshea wala hawana habari. Mmoja ni Mwanamize, binti yake Bi Mwatima. Ameolewa na Soud, karani wa bohari kule Wesha, ambaye huja kwake Alhamisi na kuondoka Jumamosi, na hutembea kama aliyemeza mpini wa jembe.

Mwanamize alijifunga ile kanga yake nyekundu yenye korosho nyeupe kubwa kubwa, aliyoletewa na mumewe kutoka Mombasa. Kijiji kizima hakuna mwenye doti kama ile, na mwenyewe anajua. Alikuwa ameinama, ameshika mtungi, mgongo kwangu. Huo ndio mkao niliokuwa nautafuta. Nimesimama chini ya mwavuli robo saa nzima kuukariri. Lakini mwanga ulikuwa wa kijivu, kama maji yaliyooshewa sufuria. Hakuna kivuli wala kitu kinachong'aa. Halafu wale wanawake wakaniona, wakanyamaza wote kwa pamoja, na mmoja akatema mate. Sijui nimewakosea nini.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua imekatika alasiri. Nimekwenda mtoni saa kumi na moja na nusu, na nimeuona mwanga wenyewe. Jua limeshuka nyuma ya minazi ya Mzee Mjaka, maji yote yamegeuka rangi ya samli, na mpunga bondeni kila jani lina ncha ya dhahabu. Nilikaribia kulia.

Ila wanawake hapana hata mmoja. Ni wanaume watupu, wanaoga na kupiga soga. Nikamwuliza mmoja wanawake wako wapi saa hizi, akanitazama kama nimemtukania mama yake. Watu hawa wamepewa mwanga usio na mfano na hawana wa kumsimamisha ndani yake. Wanautumia kuogea.

Jumapili, 17 Aprili

Nimemchora kwa penseli jirani yetu Ahmada akimnywesha ng'ombe wake ng'ambo ya mto. Ahmada na ng'ombe wamefanana, isipokuwa ng'ombe ana haraka zaidi. Alipoiona karatasi akauliza kwa nini nimempa yeye nafasi kubwa na ng'ombe ndogo, ilhali mwenye faida ni ng'ombe.

Jumatano, 20 Aprili

Karatasi nene zimeota ukungu. Nimezikausha kwa pasi ya makaa ya Bi Mwatima, pasi ikaacha alama ya kahawia pembeni. Itabidi iwe jiwe.

Jumamosi, 23 Aprili

Nimemaliza. Kwa rangi za unga za skuli, brashi mbili zilizokwisha nywele, na masika yasiyotaka kitu kikauke, nimemaliza.

Mwanamize nimemweka ukingoni na mtungi wake. Wale watatu nimewaondoa, wanajaza. Ahmada na ng'ombe wamekaa ng'ambo, ili upande ule usiwe mtupu. Na juu ya wote nimemwaga jua la ile Alhamisi, pale pale nyuma ya minazi. Kopo la manjano nililokuwa nalo limebaki unga wa kufunika kucha. Vivuli ni virefu, vinakuja kwa mtazamaji, na maji yanawaka. Nyuso sikuchora, maana Mzee Mjaka alishanionya kwamba mwenye kuchora sura ya kiumbe ataambiwa kesho akhera aitie roho. Basi Mwanamize amegeuka, na Ahmada kwa mbali uso wake ni doa tu. Mtu akiitazama picha hii anapaswa kuhisi siku inaisha na hakuna wa kuizuia.

Jumatatu, 2 Mei

Nimeitundika skuli ili watu waione kabla ya kupelekwa Chake. Wamekuja kumi na tano hivi. Mmoja amesema ng'ombe ana miguu mitatu. (Wa nne uko nyuma.) Mwingine ameuliza daraja liko wapi. Mzee Mjaka ameisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akaniuliza, "Mambo haya umeyatunga, mwalimu, au umeyaona?"

Ningeweza kujibu kwa maneno mawili. Lakini nilikuwa nimeudhika na habari za miguu ya ng'ombe, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mimi situngi, Mzee. Nachora nilichokiona."

Wakatazamana, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna hata mtu mmoja aliyetaja mwanga. Mwezi mzima nimehangaika nao, na watu hawa macho yao ni ya kutafutia nazi tu.

Alhamisi, 5 Mei

Mvua. Soud hakuja wiki hii. Wesha kuna shehena ya mchele. Watu wanazidi kuja kuiona picha, hata wanawake. Wanasimama, wanajiziba midomo kwa ncha za kanga, wanatoka bila kusema. Pengine wanaanza kuelewa sanaa.

Jumanne, 10 Mei

Muhogo. Ahmada hakunijibu salamu.

Ijumaa, 13 Mei

Leo asubuhi sikupewa chai. Nilitoka ukumbini nikamkuta Mwanamize amekaa juu ya mkeka, furushi la nguo upande huu na mtungi upande huu. Aliponiona akaingia ndani. Bi Mwatima alikuwa anapepeta mchele, anaupepeta kwa nguvu, na mchele wenyewe ulishakuwa safi.

"Bi Mwatima, kuna msiba?"

"Msiba umeutundika weye ukutani, mwalimu."

Nikadhani ni yale yale ya viumbe na roho. Nikaanza kujitetea kwamba nyuso sikuchora. Akaweka ungo chini.

"Mto wetu una saa zake," akasema. "Asubuhi mpaka adhuhuri wa wanawake. Ikishaingia alasiri wa wanaume. Sie tumezaliwa tukaukuta hivyo. Mwanamke ukimwona pale na jua liko minazini kwa Mjaka, huyo hakufuata maji."

"Lakini si yeye. Ni mwanamke tu, nimemchora."

"Kanga ile nani asoijua? Na mtungi kaushika kwa mkono wa kushoto. Mwanangu shoto tangu mdogo. Na ng'ambo kasimama Ahmada anamtazama."

"Anamtazama ng'ombe wake."

"Ng'ombe kampa mgongo, mwalimu. Hini picha umeichora weye, si mie."

Nikakaa kwenye kizingiti, naye akanimalizia kisa. Jana Soud aliporudi kutoka Wesha alipitishwa skuli na watu waliotangulia kumsubiri njiani. Aliitazama picha. Kisha akaenda kwake akamwuliza mkewe alikuwa akifanya nini mtoni magharibi. Mwanamize akaapa kwamba hajapata kufika pale saa hizo hata siku moja. Soud akamjibu, "Kama hukuwepo, mwalimu kakuona wapi?" Asubuhi akamwambia arudi kwa mamake. Ikifika Idd Kubwa na jambo hili halijasafika, atamwandikia talaka.

Idd Kubwa imebaki wiki tatu.

Mwezi na zaidi nalia kwamba watu wa hapa hawaoni mwanga. Kumbe wameuona wote. Wamelitazama jua lilipo, wamepima vivuli, wameisoma saa kwenye karatasi yangu kama wanavyoisoma kila siku wasichelewe sala. Asiyeona ni mimi, niliyeuliza wanawake wako wapi na nisiulize kwa nini hawapo.

Jumamosi, 14 Mei

Nimemwahi Soud kabla hajaondoka kwenda Wesha. Nimemweleza yote: kwamba mkewe nilimwona asubuhi kwenye mvua, jua ni la siku nyingine, Ahmada wa siku nyingine, na kwamba hivyo ndivyo wachoraji wanavyofanya. Amenisikiliza akiwa amenyooka wima.

"Mwalimu," akasema, "mbele ya watu ulisema unachora ulichokiona. Leo unaniambia hukukiona. Nikuamini siku ipi?"

Nikaenda kwa Mzee Mjaka. Yeye alinipokea vizuri, hata kahawa alinipa. Akasema, "Unamsitiri. Ni tabia ya kiungwana, mwalimu, lakini si ushahidi."

Nikawatafuta wale wanawake watatu. Wamekubali kwamba walifua na Mwanamize asubuhi ile. "Lakini jioni ile sie hatukuwepo," wakasema. Nikawaambia hakuna jioni yoyote. Wakanijibu kwamba kwenye picha ipo, na wao hawamo. Kweli hawamo. Mashahidi wa mwanamke huyu nimewafuta mimi mwenyewe kwa sababu walikuwa wanajaza.

Jumatatu, 16 Mei

Picha nimeishusha. Sasa watu wanasema nimeificha.

Jumatano, 18 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ahmada hamnyweshi tena ng'ombe mtoni. Anachota maji kwa ndoo, safari sita, anapita mbele ya dirisha langu na hageuzi shingo. Nilipata kuandika humu kwamba ng'ombe anamshinda haraka. Leo nimeona haya kuikumbuka sentensi hiyo.

Ijumaa, 20 Mei

Soud hakuja jana. Mchuzi hauna chumvi siku ya saba.

Jumamosi, 21 Mei

Mwanamize amesema nami kwa mara ya kwanza. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, naye anatoka kuanika. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Kanga ile nyekundu haivai tena. Amevaa ya mamake, iliyopauka. Akasimama mbali, macho yake kwenye kamba ya nguo.

"Mwalimu, kwani asubuhi yetu ilikuwa na kasoro gani?"

Nikamwambia haikuwa na mwanga.

"Mbona sie tunafua kwa mwanga huo huo tangu tuzaliwe, na nguo zinatakata."

Nikaanza kumweleza habari za vivuli na hisia za mtazamaji. Katikati ya sentensi nikajisikia nilivyo, nikaacha. Akamaliza kuanika akaingia ndani. Nimekaa na madaftari mapajani mpaka mvua ikarudi, na zile nguo zimerowa zote kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua.

Jumanne, 24 Mei

Nimepata.

Nilikuwa natafuta humu tarehe ya ile barua ya maonyesho, nikaangukia ukurasa wa 11 Aprili. Saa tatu asubuhi, mvua ya rasharasha, wanawake wanne, Mwanamize na kanga yake. Kisha 14 Aprili: jua, minazi ya Mzee Mjaka, wanaume watupu, wanawake hapana hata mmoja. Kisha Ahmada peke yake. Kisha ukurasa ninaokiri kwamba nimewachanganya na nimewaondoa watatu. Yote yameandikwa kabla ya ugomvi, kwa wino, na ukungu wa masika umeshatambaa juu ya maandishi. Hakuna wa kusema nimeyaandika jana.

Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikasoma yaliyo katikati. Muhogo wa Bi Mwatima, hotuba ya Mzee Mjaka, mpini wa jembe aliomeza Soud, Ahmada na ng'ombe, macho ya kutafutia nazi. Na juu ya hayo, mimi, mwanamume mzima, mwalimu wa watoto wao, robo saa chini ya mwavuli nawatazama wanawake mtoni saa yao. Ndiyo maana yule alitema mate.

Nimefikiri kuzichana kurasa tatu tu na kuwapelekea hizo. Lakini daftari lililochanwa nani ataliamini? Nisingeliamini mimi.

Jumatano, 25 Mei

Nimemwomba Mzee Mjaka awaite watu kesho Soud akirudi. Hamu ya kula sina.

Alhamisi, 26 Mei

Tumekutana baada ya alasiri barazani kwa Bi Mwatima. Alikuwepo Mzee Mjaka, Soud, Ahmada aliyekaa mwisho kabisa wa baraza, na wazee wengine wawili. Bi Mwatima na Mwanamize walikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nikatoa daftari. Nikasema kwamba tangu mwisho wa Ramadhani naandika humu mambo ya kila siku, na siku zile zote zimo. Nikalifungua nianze kusoma.

"Ngoja," akasema Soud. "Ukisoma weye, tutajuaje kama ndivyo ilivyoandikwa? Mie najua kusoma."

Sikulitarajia hilo. Nilikuwa nimepanga kuruka mistari. Nikampa.

Soud anasoma kama karani, anaita kila neno kama gunia linalopita mbele yake. Akaanzia mwanzo. Alipofika kwenye muhogo nikasikia pazia likitikisika. Alipofika kwenye hotuba iliyozidi safari ya meli, Mzee Mjaka akapapasa ndevu, na mmoja wa wale wazee akapatwa na kikohozi. Soud akaendelea. Tarehe kumi na moja Aprili. Saa tatu asubuhi. Mvua. Wanawake wanne. Akafika kwenye jina lake mwenyewe. Akasoma, kwa sauti ile ile, kwamba hutembea kama aliyemeza mpini wa jembe. Akageuza ukurasa. Kisha akaendelea na kanga, na mtungi, na mwavuli, na robo saa.

"Astaghfirullah," akasema Mzee Mjaka. "Robo saa, mwalimu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwenye saa ya wanawake."

"Nilikuwa sijui, Mzee. Na sikuuliza."

Ahmada naye akasomewa lake. Nilimwona akiinua kichwa kwenye habari ya haraka, akatafakari, kisha akasema taratibu, "Ng'ombe kweli ana haraka." Hakuna aliyecheka. Soud akasoma mpaka tarehe ishirini na tatu, wale watatu nimewaondoa, wanajaza. Na juu ya wote nimemwaga jua la ile Alhamisi. Mstari huo akaurudia mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Akalifunga daftari.

Mzee Mjaka ndiye aliyesema. "Mtu anaweza kutunga uongo wa kumwokoa mwenziwe. Lakini mwaka mzima ningekaa nisingeweza kutunga uongo wa kujiaibisha hivi. Haya ni kweli. Mwalimu huyu hana adabu, na mke wako hana kosa."

Soud akaniangalia. Nilidhani atanipiga, na nisingemlaumu. Akageukia pazia, akasema, "Mwanamize, jambo limesafika. Chukua vyako twende."

Pazia likatikisika. Kisha sauti ikatoka ndani, wala haikutetemeka.

"Kwanza uliamini karatasi. Leo umeamini daftari. Mie nilikwambia kwa mdomo wangu, nimeapa, tumekaa pamoja miaka sita, hukunisikia. Sasa mie ni nani hata uniite?"

Soud akaliweka daftari chini. Mzee Mjaka akatazama miguu yake. Nikatamani kusema kitu cha kumsaidia mmoja wao, sikujua yupi, na safari hii nikanyamaza.

"Nitakujibu Alhamisi ijayo," akasema Mwanamize.

Walipoondoka nimemwomba radhi Bi Mwatima kwa habari ya muhogo. Akasema, "Hukuupenda tangu mwezi wa tatu, na kila siku ulikuwa unaumaliza." Jioni amenipa wali. Sijui kama ni msamaha au ni kunisuta.

Jumamosi, 28 Mei

Mzee Mjaka amesema picha isichomwe, maana ikichomwa watu watabaki na ile waliyoiona. "Lirejeshe jua mahala pake," akasema. Nimekaa nayo kutwa. Nimechanganya nyeupe na nyeusi na buluu kidogo, nikafunika mbingu, nikafunika maji, nikavifuta vivuli kimoja kimoja. Nimeutia ule mnazi wa daraja. Ahmada na ng'ombe wametoka. Wale wanawake watatu wamerudi, na wa pembeni nimemgeuza kidogo, akitema mate.

Manjano yametokeza mahali padogo karibu na mtungi, hata nikipaka hayafichiki. Nimeyaacha.

Ni picha ya asubuhi ya mvua na watu wanafua. Hakuna kinachong'aa. Nilipoitazama kwa mbali nimeona kwamba wale wanne wamekaa karibu karibu, mmoja akimpokelea mwenziwe nguo, na kwamba sikuliona hilo nilipokuwa natafuta jua. Limeniudhi, maana ni jema na nilikuwa nimelitupa.

Jumatatu, 30 Mei

Wale watatu wamekuja skuli kujitazama. Wa pembeni ameuliza kwa nini yeye tu ndiye anayetema mate. Nikamwambia nachora nilichokiona. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 2 Juni

Mvua imekatika mchana, na Soud amekuja baada ya sala ya alasiri. Mwanamize alikuwa tayari. Amevaa ile kanga nyekundu, pande zote mbili, mmoja kiunoni na mmoja kichwani.

"Nitarudi," akasema, mumewe akiwa amesimama uwanjani. "Lakini kwa njia ya mtoni."

Bi Mwatima akashtuka. "Mwanangu, saa hizi? Ngojeni kesho asubuhi. Au mpite njia ya juu, ya mbali na mto."

"Saa hizi, mama. Na mtungi atauchukua yeye."

Soud akautazama ule mtungi. Mwanamume wa hapa habebi mtungi, labda wa kwenda kuoshea maiti. Niliiona shingo yake ikikaza, nikadhani ataondoka aende moja kwa moja Wesha na talaka ije kwa barua. Akainama, akaunyanyua, akaupachika begani. Furushi akalichukua mkono wa pili.

Nikawafuata kwa mbali, na Bi Mwatima akanifuata mimi. Jua lilikuwa minazini kwa Mzee Mjaka. Wanaume walikuwa mtoni kama kawaida yao, na walipoiona ile kanga nyekundu inashuka bondeni wakajitumbukiza maji mpaka shingoni, soga zikakatika. Mwanamize akapita ukingoni kati yao, polepole, kichwa juu, hakumtazama mtu. Nyuma yake Soud na mtungi begani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amepinda mgongo. Ahmada alikuwa ng'ambo na ng'ombe wake. Akatoa salamu, na Soud akaitikia mbele ya wote.

Kwenye daraja Mwanamize akasimama. Alimngoja mumewe afike, akampa mkono wa kushoto, wakavuka.

Maji yalikuwa rangi ya samli. Vivuli vyao viwili vilikuja mpaka miguuni kwangu, virefu kabisa, kama nilivyovichora. Kila kitu kilikuwa pale nilipokiweka mwezi wa nne, mwanamke, kanga, mtungi, jua, na safari hii ni kweli na kijiji kizima ni shahidi.

Bi Mwatima akanitazama usoni, kisha akanitazama mikono.

"Hini huichori?" akasema.

Nikamwambia kopo la manjano limekwisha.